Mwalimu wa Uraia Mfongoni

Mwanaasha alichota tope, akalitupa ukingoni, akanyoosha shingo kumtafuta Kornel. Muda mfupi uliopita alikuwa pale kwenye mgomba ulioinama. Sasa hayupo.

"Amepanda juu," alisema Avelina, jirani yake, bila kuinua uso. "Ukimfuata atashuka. Mae! Mwanaume mzima anakimbia jani!"

Wanawake waliokuwa wakizibua mfongo, mfereji wa kunyweshea mashamba, upande wa chini waliangua kicheko. Mwanaasha naye alicheka kidogo, kwa adabu, lakini moyo haukutulia. Jani la isale alilichomeka kwenye mkunjo wa kanga kiunoni, na kila alipoinama lilimdunga ubavuni. Huku Marangu anayeomba radhi hubeba isale, na anayeipokea hana ujanja tena. Ni lazima asamehe. Kornel, msimamizi wa mfongo, alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana asubuhi yote hakumkaribia.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kuta za mfongo zilipobomoka kwa mvua, kila mwenye shamba linalonyweshwa na mfereji huo aliitwa kuchimba. Mwanaasha alikuwa na mitihani ya kidato cha nne ya kusahihisha. Akapiga simu Moshi mjini, akamkodi Shakiru, kijana wa gereji iliyo jirani na kwa mama yake, aje na sururu. Shakiru alichimba kama trekta. Mwanaasha akajiona amewafaa wenzake kuliko ambavyo angewafaa kwa mikono yake iliyozoea chaki. Lakini zamu za maji zilipotangazwa, yeye hakutajwa.

"Mfongo hauchimbwi na mtu wa kukodi," Kornel alimwambia siku hiyo. "Ungesema umebanwa, tungekuchimbia sisi wenyewe. Wewe umeona utulipe."

Faini ilikuwa pipa la mbege. Mwanaasha ni Mwislamu. Pombe hanywi wala hanunui. Akauliza kama soda zingefaa.

"Soda!" Avelina alikuwa bado hajachoka kumtania. "Watu wachimbe siku nzima halafu wacheue Fanta!"

Sasa mfongo ulikuwa umeziba tena, migomba yake ilikuwa imekunja majani, na maharage chini yake yameanza kubabuka. Bila zamu yasingefika mwisho wa mwezi. Hata hivyo, haikuwa migomba peke yake iliyomnyima usingizi. Kwa miaka alikuwa akisoma bila mwalimu, akilifuatilia swali moja: kabla ya vitambulisho, nani alihesabiwa kuwa mwananchi wa mahali, na alifundishwa vipi kuwa hivyo? Alitaka kulipeleka swali hilo darasani, kwenye somo lake la Uraia. Ubaoni huandika haki upande huu na wajibu upande ule, na watoto hunakili. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama wajibu unaweza kulipiwa ukaisha.

Babu yake alitoka Kondoa, bibi yake Pangani. Yeye alizaliwa Moshi, na kiwanja hiki alikinunua kwa hati. Je, isale ikitoka mkononi mwake ni isale, au ni jani tu?

"Avelina, dada yangu. Nikimpa mimi, itamfunga?"

"Nitajuaje? Hajawahi kupewa na Mswahili."

"Ingekuwa haimfungi, si angeipokea tu akawatupia mbuzi? Mbona anakimbia?"

Avelina aliegemea jembe, akafikiri. "Au anakuogopa. Walimu mnachapa."

Kabla Mwanaasha hajajibu, juu yao udongo uliguruma. Mtu alipiga ukelele. Mwanaasha alipanda akiteleza, akashika mizizi, akamkuta Kornel amesimama kwenye ufa wa ukingo, mgongo wake umezuia vigogo vya migomba vilivyokuwa vinataka kuporomoka, buti zake za mlimani zimezama. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Safari hii hakuwa na pa kukimbilia.

Kornel alimwona, akatazama jani kiunoni mwake. "Mwalimu, usithubutu!"

"Sijasema kitu, kaka Kornel."

"Basi lete nyasi na udongo wake! Yale mabonge, pale! Tia chini ya kigogo. Siyo hapo, chini!"

Mkono wa Mwanaasha ulikuwa umeshagusa kanga. Hakujua aliurudisha vipi. Alibeba bonge la nyasi na udongo wake, akalishindilia, akafuata jingine. Avelina alifika, Eliona na wengine wakafika, wakapasiana mabonge mkono kwa mkono hadi kigogo cha kwanza kikakaa na Kornel akaweza kutoa mguu. Ukungu ulikuwa umeshashuka, na chini ya migomba giza huingia mapema.

"Basi kwa leo," Kornel alisema akihema. "Kesho Avelina achimbe kwenye lile jiwe, Eliona anamfuata. Mwalimu hapa, kwenye ufa."

"Mimi?"

"Kwani nimemtaja nani?"

"Na zamu yangu ya maji?"

"Maji yako wapi, mwalimu? Kwanza yafike." Akabeba sururu na kuondoka, hakugeuka.

Mwanaasha alibaki akiutazama ufa. Nusu ulikuwa umezibwa, nusu bado wazi, na udongo uliendelea kumwagika kidogo kidogo kati ya vigogo. Amesamehewa? Au amepangiwa tu kazi, kama Shakiru? Aliinua bonge moja zaidi, akalisukuma kwenye pengo. Likateleza, likaanguka upande wa pili.

"Liache!" Avelina alimwita kutoka njiani. "Bila kigogo cha pili halikai. Twende, kesho tutakata kingine."