Kimtumbwi cha Mzee Osea

Dina alikuwa bado hajaepua mandazi ya kwanza, na Tumpale alikuwa ameshapiga magoti mbele ya cherehani. Alimimina mafuta ya taa kwenye kifuniko cha soda, kidogo tu, kwa sababu bei ilikuwa imepanda tena na ile chupa ilibidi ifike jioni. Akachovya mswaki wa zamani, akaanza kusugua meno yanayosukuma kitambaa. Kutu ilitoka nyekundu, halafu kahawia, mwisho yakatoka maji meusi. Alipofuta kwa kipande cha fulana, chuma kilimwangalia cheupe kama kimetoka kiwandani.

"Jamani," alinong'ona peke yake. "Yaani ulikuwa humu ndani muda wote huu."

Ilikuwa miezi mitatu tangu ghala la zamani la mtaa lifunguliwe na cherehani hii ikutwe kwenye kona, imelala ubavu chini ya magunia yaliyooza. Haikuwa kama cherehani za kushonea sare za shule. Shingo yake ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima, gurudumu lake zito kama jiwe la kusagia, na sindano yake ungeweza kushonea kiatu cha askari. Zamani ilishona maturubai ya kuanikia kahawa na kufunika malori. Wengine waliiangalia wakaona chuma. Tumpale, aliyekuwa na miaka hamsini na saba na ameshona tangu akiwa msichana, aliiangalia akasahau kufunga mdomo.

Aliomba ruhusa ya kuisafisha, akaambiwa ajisumbue anavyotaka. Akaiandikia ofisi ya mtaa barua kuomba kikundi chao cha akina mama kiachiwe cherehani hiyo, wawashonee maturubai madereva wanaokaa foleni mpakani. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili aliambiwa haina nakala. Ya tatu ilipotea. Na wakati barua zikipotea, yeye alikuwa akija kila siku, tundu moja la mafuta leo, skrubu moja kesho, mpaka gurudumu likakubali kuzunguka kwa kidole kimoja.

Halafu Ijumaa orodha ikabandikwa mlangoni. Vifaa vya kuuzwa kama chuma chakavu, lori linakuja Jumatano saa kumi. Mstari wa kumi na moja ulisema: cherehani kubwa, mbovu, moja.

"Kweli nimeiandika mbovu," alikiri Bwana Watson, afisa wa mtaa, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na viatu vilivyoisha visigino. "Si haishoni, mama?"

"Bado kitu kimoja tu."

"Basi ikishona kabla lori halijaja, nitaongea na wakubwa."

Leo ilikuwa Jumatano. Na kile kitu kimoja kilikuwa hakijapatikana.

Chini ya bamba la sindano palikuwa na njia iliyopinda kidogo, laini, na tupu. Hapo ndipo panapopita kile chuma chenye umbo la mtumbwi, urefu wa kidole, kinachobeba uzi wa chini. Bila hicho, sindano inatoboa tu. Tumpale alikuwa ametafuta Tunduma nzima, akavuka mpaka Nakonde, kote wakacheka. "Bamayo, mama," muuza spea mmoja wa Zambia alimwambia kwa upole, "hiki hata babu yangu hakukijua."

Dina, mwenzake wa kikundi anayeuza mandazi nje ya ghala, alikuja na kikombe cha chai na andazi juu yake, akakaa kwenye debe.

"Kunywa kwanza. Ukizimia hapa nani atakubeba, mimi na mgongo huu?"

"Yule mzee wako amepokea salamu kweli?"

"Wauza mbao wa Isongole wamenihakikishia. Mzee Osea, wa Ikinga, ndiye aliyekuwa fundi humu, enzi za karakana ya maturubai. Yuko hai. Ila wamesema ana miaka themanini na kitu, na macho hayaoni vizuri."

"Na kimtumbwi?"

"Hilo hawakusema."

Saa tano na nusu bodaboda ilisimama nje, akashuka mzee mwembamba mwenye koti la sufu na kofia mkononi. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri, amebadilisha gari mara mbili, na nauli aliyolipa ilikuwa ya kuku aliyemuuza njiani. Hayo hakuyasema yeye. Aliyasema dereva wa bodaboda, ambaye alikataa kupokea hela yake.

Tumpale akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Hakuomba maji wala kiti. Alinyoosha mikono kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, akaigusa shingo ya cherehani, akashuka hadi kwenye gurudumu, akalizungusha. Lilizunguka bila sauti. Mzee akasimama hivyo, mkono juu ya chuma, muda mrefu.

"Nani kaisafisha?"

"Mimi, baba."

"Umesafisha hata tundu la nyuma. Lile watu wote wanalisahau."

Watson alikuwa mlangoni na faili lake. Alipomwona mzee amesimama, aliingia, akavuta benchi kutoka ukutani, akalifuta kwa kiganja, akamsogezea. Halafu akarudi mlangoni kama vile hakufanya kitu.

Mzee Osea aliketi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake karatasi ya nta. Ndani ya karatasi, kikiwa na mafuta bado, kiking'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi, kulikuwa na kimtumbwi.

Dina alishika kichwa. "Mungu wangu!"

"Sikuiba," mzee alisema haraka, kana kwamba alikuwa amelisubiri swali hilo miaka yote. "Ilikuwa desturi yetu. Jioni kila fundi anaondoka na kimtumbwi chake mfukoni, ili zamu ya usiku wasikuharibie mashine. Asubuhi unarudi nacho. Siku ya mwisho niliondoka nacho kama kawaida. Kesho yake tukakuta kufuli. Wakasema tutaitwa." Akatabasamu kidogo. "Nimekipaka mafuta kila mwaka, wakati wa kuvuna kahawa. Miaka ishirini na sita. Nilitaka siku wakiniita nisije na chuma chenye kutu."

Tumpale alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa na joto la kifua cha mzee.

Kilienda mahali pake kwa mlio mmoja mdogo, tk, kama mlango wa nyumba unaoujua. Akatia uzi wa nailoni, akaweka vipande viwili vya turubai, akakanyaga. Sindano ilishuka, ikapanda. Alipoinua kitambaa, kulikuwa na matundu tu. Akajaribu tena. Ta! Sindano ikakatika.

Sindano zilikuwa mbili tu; akafunga ile ya mwisho. Jasho lilimtoka Tumpale chini ya kilemba.

"Usiharakishe," alisema Mzee Osea. Alikuwa amefumba macho. "Zungusha kwa mkono, polepole. Nataka kuisikia."

Akazungusha. Mzee akasikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Umeiweka sindano kama ya cherehani ya nyumbani. Mfereji wake, ule mchirizi wa uzi, umeuelekeza mbele, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Hii ni mkono wa kushoto. Mfereji uangalie kushoto. Halafu sindano ikishafika chini, ikianza kupanda unene wa ukucha tu, pua ya mtumbwi iwe inapita. Hapo uzi unakuwa umefanya kitanzi, mtumbwi unapita katikati yake. Ukichelewa, kitanzi kimekufa. Ukiwahi, hakijazaliwa."

Tumpale aligeuza sindano, akalegeza skrubu, akasogeza unene wa ukucha wake mwenyewe, akakaza. Akakanyaga.

Sauti ilibadilika. Haikuwa tena kelele za chuma. Ilikuwa mwendo, kama mtu mzito anayetembea bila haraka kwenye njia anayoijua. Du, du, du, du. Mshono ulitoka nyuma ya mguu wa cherehani umenyooka, kila hatua sawa na mwenzake, uzi umezama kwenye turubai kama umeota humo. Tumpale aliacha kukanyaga, akaupitisha kidole. Akauvuta kwa nguvu zake zote. Dina naye akashika upande wa pili, wakavutana kama watoto mpaka Dina akakaa chini. Mshono haukuachia hata kidogo.

"Haya tena," alisema Dina akiwa sakafuni. "Mashine imefufuka, mimi nimevunjika."

Mzee Osea alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Tumpale akageuka mlangoni. "Bwana Watson, umeona?"

Watson alisogea. Aliweka faili chini, akaushika mshono, akaukunja, akaukunjua. Uso wake ulikuwa wa kijana mdogo kabisa wakati huo. "Sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema. Akatoka nje na simu yake. Walimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku, akiinamisha kichwa, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, hapana mkuu. Alikaa muda mrefu. Aliporudi aliokota faili lake, akavaa tena uso wake wa kazini.

"Nimeongea, mama. Kweli nimeongea. Wamesema orodha imeshasainiwa. Ina vitu ishirini na vitatu, vikitoka ishirini na viwili nitajibu mimi."

"Lakini imeandikwa mbovu. Hii si mbovu."

"Kwenye karatasi ni mbovu."

"Basi futa karatasi, umeiona kwa macho yako!"

"Mama," alisema taratibu, "mimi nina mkataba wa miezi sita."

Tumpale akarudi kwenye cherehani, akafuta mafuta yaliyochuruzika.

Lori lilifika saa nane badala ya saa kumi, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaifunika milima ya upande wa Mbozi. Dereva wake, Athuman, mtu wa Tanga mwenye kofia ya kufuma na tumbo la ukarimu, alishuka akilalamika peke yake. Turubai lake lilikuwa limepasuka toka pembe hadi pembe.

"Chuma hakijali mvua," alisema, "lakini mbele nina magunia arobaini ya maharage ya watu. Na trafiki wakiona chuma kiko wazi barabarani hawanielewi. Fundi wa turubai yuko wapi hapa? Nimeambiwa niache mpaka kesho. Kesho nitakuwa nimeshakula hasara."

Dina alimtazama Tumpale. Tumpale akaitazama cherehani. Mstari wa kumi na moja.

"Lete," alisema.

Walilivuta turubai ndani, wapakiaji wanne wa lori. Mzee Osea alishika pindo upande wa kulia akililisha kwa vidole visivyohitaji macho, Dina akashika kushoto, na Tumpale akakanyaga. Mita sita. Mshono mmoja, halafu wa pili pembeni yake kama reli ya TAZARA. Wapakiaji waliacha kupakia mabati na majembe mabovu wakaja kutazama. Cherehani haikukohoa hata mara moja. Nje radi ilipiga, ndani ni du, du, du tu.

Athuman aliupapasa mshono kwa kiganja kizima. "Bi mkubwa, hii noma. Dar hawashoni hivi. Cherehani yenyewe mnauza?"

"Unaichukua wewe," alisema Tumpale. "Iko kwenye orodha yako."

Athuman alidhani ni utani. Alimwangalia Watson, Watson akaangalia viatu vyake. Ndipo akaelewa, akavua kofia akajikuna. "Astaghfirullah," alisema. "Hii?"

"Yadi yenu ya chuma iko wapi?" Tumpale aliuliza.

"Mbeya."

"Na kule wanauza?"

"Wananunua kwa kilo, wanauza kwa kilo. Hawataki barua kule. Ila wakiona kitu kizima kinafanya kazi, bei inaruka."

Tumpale akamwangalia Mzee Osea. Mzee hakuona, lakini alielewa anachowaza, akaitikia kwa kichwa taratibu, mara moja.

Tumpale aliinama, akafungua bamba, akakitoa kimtumbwi. Akakifuta, akakifunga kwenye karatasi ya nta ileile, akakiingiza kifuani, ndani ya blauzi. Akachomoa sindano pia. Cherehani ikabaki chuma, cha kuuzwa kwa kilo tu.

"Ninakudai turubai," alimwambia Athuman.

"Sema bei, mama'angu."

"Usinilipe. Nipe kiti."

Watson alikohoa. "Mama, mzigo wa ofisi hausindikizwi na raia bila kibali…"

"Raia gani?" alisema Athuman. "Huyu abiria wangu." Na wapakiaji walipoinyanyua cherehani waitupe juu ya mabati, akawapigia kelele mpaka wakaishusha taratibu, wakaisimamisha kati ya magunia ya maharage, wakaifunga kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Watson aliweka alama mbele ya mstari wa kumi na moja. Halafu akavua koti lake la mvua, akampa Tumpale bila kumtazama. "Utanirudishia," alisema.

Dina alimpa mandazi kwenye mfuko na akiba ya kikundi aliyoitoa kwenye kopo la unga, haikuwa nyingi. Mzee Osea atalala kwake, alisema, na kesho atamsindikiza mpaka stendi.

"Ukirudi," mzee aliita toka benchini, "mfereji uangalie kushoto!"

Mvua iliwakuta Mpemba, kwenye foleni ya malori. Ilinyesha kama imemwagwa kwa ndoo. Athuman alizima injini, na Tumpale akaanza kuhesabu moyoni kilo ngapi, shilingi ngapi, akapoteza hesabu, akaanza tena. Mwishowe alivaa koti la Watson, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi, mama? Utalowa!"

Alipanda kwenye tairi la nyuma, maji yakimtiririka usoni, akaingiza mkono chini ya turubai mpaka begani. Alipapasa magunia. Makavu. Akapapasa zaidi, akaifikia shingo ile ndefu, baridi. Akapitisha kiganja taratibu toka kwenye gurudumu hadi kwenye meno aliyoyasugua asubuhi, akitafuta tone hata moja lililopita kwenye mshono.

Hakulipata. Akaendelea kusimama hapo kwenye mvua, mkono mmoja juu ya chuma, mwingine kifuani, juu ya kimtumbwi.