Makofi Aliyopigiwa Agnesi

Mwaka 1975 Yeremia alikuwa mwenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa huko Lumuma, na hakuna kilichomkera kama jinsi watu walivyompenda Agnesi, balozi wa nyumba kumi upande wa mlimani.

Yalianza na mbegu. Agnesi alikabidhiwa magunia mawili ya mbegu za mahindi kutoka shamba la mbegu la Kilangali. Mvua ikavuja ghalani, zikaota humo humo maguniani. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama kabla hajaulizwa.

"Kosa ni langu. Niliona paa limetoboka, nikasema nitaziba kesho. Nitatoa mbegu zangu mwenyewe. Naomba mnisamehe."

Watu wakampigia makofi.

Yeremia aliduwaa. Mtu anaharibu mbegu za kijiji, halafu anapigiwa makofi! Yeye mwaka uliotangulia alichagua shamba la kijiji karibu mno na mto, bwana shamba akamwonya, hakusikia. Mafuriko yalipolizoa shamba na kijiji kikapata njaa, akasema bwana shamba ndiye aliyelichagua. Bwana shamba yule akahamishwa, na mambo yakaisha.

Tangu mkutano ule, kila kitu cha Agnesi kilimchoma: salamu alizopewa njiani, wanawake waliopeleka ugomvi wao kwake badala ya ofisini, hata kicheko chake. Mwishowe akaitisha mkutano wa kumwondoa ubalozi, akamwalika katibu kata, Stefano.

Asubuhi hiyo mkewe, Yunis, alimwekea uji mbele yake.

"Baba Danieli, Agnesi amekukosea nini?"

"Ameharibu mbegu za kijiji."

"Mbegu ameshazirudisha. Nauliza wewe, amekukosea nini?"

Yeremia akalisukuma bakuli kando. Akaondoka bila kumaliza uji.

Mkutanoni Stefano akasema, "Mwenyekiti, tueleze sababu."

Yeremia akasimama. Agnesi alikuwa amekaa mbele, ametulia, na hata utulivu ule ulimuuma. Alikuwa ameandaa maneno mengi. Yakamtoka mengine.

"Sababu ni wivu. Mbegu ni kisingizio tu. Na lile shamba la mtoni nililichagua mimi. Bwana shamba alinikataza, nikamsingizia."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Kumbe njaa ile ulituletea wewe," akasema Makarius, jirani yake, akainuka na kuondoka.

Stefano akaandika barua ya kumsafisha bwana shamba. Yeremia akajiuzulu, na wiki iliyofuata wanakijiji wakamchagua Agnesi kuwa mwenyekiti. Yeremia akampa mkono.

"Hongera, mwenyekiti."

"Ahsante, baba. Utanisaidia?"

Aliusikia wivu ukimpanda tena kifuani, mbichi kama siku ya kwanza.

"Nitakusaidia. Lakini nipe siku mbili tatu. Bado nakuonea wivu."

Agnesi hakucheka. "Nitakusubiri," akasema.

Zilipita siku tano. Siku ya sita Yeremia akafika ofisini na jembe begani, akauliza shamba jipya la kijiji litapimwa wapi.