Kengele ya Tolmon

"Ya mwisho hiyo?" aliuliza Salat, msimamizi wa ukumbi, akiwa ameshikilia ngazi.

"Ya mwisho," alijibu Idman, akaifunga kwa uzi wa kuvulia samaki katikati kabisa, usawa wa bega la mtu.

Zote zilikuwa koor, kengele za mbao wanazovishwa ngamia shingoni. Alizikusanya kwa wafugaji waliomalizwa na ukame, akazitundika darini mpaka ikawa huwezi kupita ukumbini bila kuzigusa. Siku ya maonyesho yake, watu wa Garissa wangeingia humo wazungukwe na mlio wa kundi zima. Lakini zilisikika kama vibao tu. Ndipo akaitoa sandukuni ile aliyoapa hataitoa, ndiyo hiyo ya katikati.

Ilikuwa ya Tolmon, ngamia jike wa baba yake. Idman mwenyewe ndiye aliyeukuta mzoga karibu na Hadado, akaificha kengele, akamdanganya mzee kwamba Tolmon yuko Sangailu na mifugo ya wajomba. Alijiambia ni huruma. Tangu hapo Mzee Siyad hamwachi mtu wa Sangailu apite bila kumuuliza habari za ngamia wake. Na mfugaji huujua mlio wa kengele aliyoichonga mwenyewe. Idman alilijua hilo fika, ndiyo maana alimwambia abaki nyumbani, jua kali. Tamaa ya mlio ule ilimshinda, basi.

Lakini ni baba gani atabaki nyumbani siku binti yake anasifiwa? Mzee alifika na kikoi kipya, akajipenyeza kati ya kengele, wageni wakimpisha. Bega lake likaigusa ile ya katikati.

Akasimama.

"Tolmon?" Kisha akaita kwa sauti ndefu, ile ya kumwita ngamia aje kukamuliwa. "Hooo! Hooo!"

Wageni wakatoa simu. Mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata.

"Aabo, twende nje," Idman alisema, akimshika mkono.

"Ngoja, binti yangu. Kumbe umemleta!" Mzee alicheka huku machozi yakimtoka. "Yuko upande gani?"

Idman aliona aibu. Salat akamsogelea, akanong'ona, "Walahi, mzee amewaweza. Kesho atakuja tena?"

Idman alizitazama zile simu zilizoinuliwa.

"Atakuja," alisema.

Mzee hakuwasikia. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili ameuegemeza gotini, wanavyosimama wakamuaji wa ngamia. Mikono yake mitupu ameikinga juu ya paja, mahali pa chombo cha maziwa, anangoja.