Nimekaribia

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ni wazi hawakukutana na Upepo, mtu ambaye haraka za wenzake ndizo zilizompa lori dogo, nyumba ya vyumba vitatu na maumivu ya kiuno. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo isiyoweza kusubiri. Mashine ikifa kiwandani na kipuri kiko mji mwingine, mwenye kiwanda huipigia simu kampuni ya usafirishaji, na kampuni humpigia Upepo.

Mpangaji wa safari pale ofisini aliitwa Mama Ratiba. Kati yake, Upepo na wateja kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuutamka, lakini kila mmoja aliushika kama sala. Mteja aliyetaka mzigo jioni alisema anautaka saa nane, maana wasafirishaji anawajua. Mama Ratiba alimwambia Upepo saa sita, maana madereva anawajua. Upepo naye, aliyewajua wote wawili, aliutoa uongo wa mteja, akautoa na wa Mama Ratiba, akafika jioni. Kila mtu akaridhika. Wenyewe waliita hali hiyo kuaminiana.

Mteja akiuliza gari liko wapi, jibu lilikuwa moja: liko njiani, limekaribia. Lilikaribia hata pale Upepo alipokuwa bado anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na Upepo alipenda kuongeza kwamba ndiyo maana yeye hufika.

Ukizoea vya kunyonga, vya kuchinja huviwezi. Nyumbani nako mambo yakawa yale yale. Harusi ya saa tisa mkewe alimwambia ni ya saa saba; Upepo, kwa kulijua hilo, alitokea saa tisa na nusu akipiga miluzi.

Ila kwa kitinda mimba wake alikuwa na deni la moyo. Mahafali ya binti huyo aliyakuta wanakunja viti. Siku alipougua akalazwa, baba mtu alifika wodini akakuta kitanda kimeshatandikiwa mgonjwa mwingine. Sasa binti alikuwa muuguzi, anakwenda kuanza kazi mji wa mbali, na Upepo aliapa kwamba safari hii atamsindikiza, hata dunia ipasuke.

"Basi linaondoka saa kumi, Baba," binti alimwambia asubuhi, akimsogezea kikombe cha chai. "Tafadhali usichelewe."

"Nichelewe mimi? Kwani jina langu nani?"

"Upepo," binti alicheka. "Lakini upepo nao huja unapojisikia."

Siku hiyo Mama Ratiba alikuwa na mota ya pampu ya kupeleka kiwandani. "Saa sita, Upepo. Leo ni saa sita ya kweli, naapa."

Alikuwa akiapa kila siku. Lakini Upepo alitaka kumaliza mapema, basi kwa mara ya kwanza akaamua kutii. Saa sita ilimkuta langoni, amenyooka kama askari wa gwaride.

Mlinzi alimtazama kwa mashaka. "Mbona umekuja sasa hivi?"

"Si nimeambiwa saa sita?"

"Kwani umeanza kazi leo? Wapakuaji wameambiwa waje saa nane. Tunakujua wewe."

Upepo akaegesha chini ya dirisha la bosi wa ghala, akangoja. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti ya bosi ikamfikia yote kama ilivyo: "Mama Ratiba, huyo dereva wako yuko wapi? Huku tunaungua!" Upepo akapunga mkono. Bosi naye akampungia kwa adabu huku akiendelea kusikiliza simu. "Amekaribia? Haya, afadhali."

Mota iliposhushwa, Upepo alitazama saa, akapiga hesabu zake. Saa kumi ya kuambiwa ni saa kumi na moja ya kweli, tena na ushee. Muda ulikuwa tele. Binti hawezi kuagwa na lori lenye matope kama nguruwe, akajiambia, na akakata kona kuelekea kwa waosha magari. Akavua shati la kazi, akavaa la kutokea. Lori lilikuwa limejaa povu hadi kwenye vioo simu ilipoita.

"Baba, uko wapi?"

Ulimi haukumngoja. "Niko njiani, mwanangu. Nimekaribia."

Alipofika stendi, lori likimeremeta, alimkuta mkewe peke yake kwenye benchi.

"Limeshaingia?" aliuliza.

"Limeshaondoka."

"Si la saa kumi na moja?"

"Saa kumi, baba watoto. Mimi nilitaka akwambie saa nane. Akakataa. Akasema, 'Mama, mimi sitampunja Baba. Kwangu hawezi kuchelewa.' Na ulipomwambia umekaribia, alisimama mlangoni mwa basi akamzuia dereva asiondoke. Abiria wakamzomea. Alikuwa anawaambia, 'Baba yangu huyo anakuja, amesema amekaribia.' Wakamzomea mpaka akalia. Ndipo akapanda."

Upepo alikaa kwenye benchi. Pale basi lilipokuwa limesimama palikuwa na doa la mafuta, na hakuweza kuondoa macho yake hapo. Alitamani mkewe amtukane. Mkewe hakumtukana. Akabaki ameketi pale, mzee mzima, na shati lake safi.

Simu ikaita. Akaiwahi akidhani ni binti. Alikuwa Mama Ratiba.

"Upepo! Wa kiwandani wanakusifu, wanasema hujawahi kuwaangusha. Sasa kuna mzigo mwingine wa leo leo, mteja anapiga kelele. Uko wapi?"

Upepo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi alijibu kama hali ilivyokuwa.

"Nimechelewa, Mama."

Mama Ratiba aliangua kicheko. "Una vituko wewe! Haya, ngoja nimwambie umekaribia."