Wimbo Uliomwita Kiprugut

Mwenye mtoto mchanga nyumbani na achunge kinachosikika mle ndani kabla hajachunga milango. Chemutai wa mtaa wa Kiamunyi alichunga milango peke yake. Ilikuwa Januari ya mwaka wa elfu mbili na nane, Nakuru nzima inatia komeo, naye akatia mbili. Kilichomfikia mjukuu wake hakikuhitaji kubisha.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu ya mwaka, mvulana mzito, macho wazi kama mtu aliyeamshwa safarini. Baba yake alikuwa Kiplangat, mwana wa pekee wa Chemutai, fundi wa redio katika duka la Paresh mjini. Mama yake alikuwa Cheruto, msichana mpole aliyeolewa mwaka uliotangulia. Na jina lililongojewa, ukoo mzima ulilijua. Mzee Kosgei, mume wa Chemutai, alikuwa ardhini mwaka wa tatu sasa na hakuwa amepata mjukuu wa kurudi kupitia kwake. Chemutai hakusema kwa mdomo, lakini alikuwa ameweka blanketi la mtoto upande ule wa kitanda aliokuwa akilala mzee.

Kwao Olenguruone, huko juu Mau, jina la ukoo halichaguliwi kama kitambaa dukani. Wamama wazee humzunguka mtoto wakamwita mmoja mmoja wa waliotangulia, na jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Mtoto aliyepewa jina lisilo lake hulia, hukataa ziwa, hukonda mpaka kosa lirekebishwe. Na kuna majina yanayorukwa. Mtu ambaye hakuzikwa haitwi, kwa sababu hakuna anayejua alipo, na ukimwita hujui atakuja akitokea wapi, wala amekuwa nini.

Kwa Kosgei palikuwa na jina moja la namna hiyo. Mdogo wake, Kiprugut, aliingia msitu wa Mau mwaka wa themanini na tatu kurina asali, akabakiza koti lake juu ya kisiki, limekunjwa vizuri. Watu walitafuta wiki mbili. Koti likachomwa, jina likanyamaziwa.

Sasa muziki. Ekta, binti ya Paresh, alisoma Uingereza katika mji unaoitwa Bristol, akarudi na sanduku la sidii. Alimwazima Kiplangat moja, kisha tano, kisha kijana akawa hana habari nyingine. Aliuita trip hop, ingawa alisema wenyewe walioutengeneza hawakulipenda jina hilo, walibandikwa na waandishi wa magazeti. Kulikuwa na Massive Attack, walioanza kama vijana wa kupiga santuri kwenye karamu za mtaani. Kulikuwa na Portishead, ambao wana mwanamke anayeimba kama yuko chini ya kisima na hataki kutolewa. Hao, Kiplangat alieleza macho yakimng'aa, walikuwa wakijirekodi, wanachapisha santuri, wanaichakaza makusudi ikwaruzike, ndipo wanakata kipande na kukirudisha tena na tena, ili kilichopigwa jana kisikike kama cha marehemu.

"Na huyu?" Chemutai aliuliza siku moja, maana kulikuwa na mwanamume asiyeimba, ananong'ona tu, kama mtu aliye nyuma ya shingo yako.

"Huyo ni Tricky, mathe. Mama yake alimfia akiwa mdogo sana. Albamu yake ya kwanza aliipa jina la huyo mama."

Chemutai alisimama na ufagio mkononi. Kumbe hata wazungu wanaita, alijiambia. Na tusimsingizie: aliupenda. Ngoma ilikuwa nzito na ya polepole, kama mtu mkubwa anayepanda ngazi bila haraka, na alipokuwa anafagia alijikuta anafuata hatua zake. Angeukataza siku ile, hadithi hii isingekuwepo. Mzazi hakatazi kinachomfurahisha yeye mwenyewe.

Kiplangat akataka kutengeneza wa kwake. Alikuwa na kompyuta kuukuu aliyopewa na Paresh na spika mbili alizozifufua mwenyewe. Akatafuta sauti ya kale ya kukata, akaikuta ndani ya sanduku la baba yake: kanda ya mwaka wa themanini na nne, Mzee Kosgei alipowarekodi wamama wakimpa jina yeye Kiplangat akiwa mchanga. Wanaita, wanacheka, mtoto analia. Katikati, bibi mmoja anasema jina, anazimwa na wenzake kwa sshh, halafu panakuwa kimya na mtu anavuta pumzi. Yule bibi alikuwa Kogo, yaani nyanya, mama mzazi wa Kosgei. Jina lililomponyoka lilikuwa la mwanawe wa msituni.

Kiplangat hakulijua jina hilo ni la nani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Hilo ndilo kosa letu, tunaficha kisima halafu tunashangaa mtoto ametumbukia. Kwa sikio lake, kile kipande ndicho kilikuwa kitamu kuliko kanda nzima. Akakikata, akakipunguza mwendo mpaka sauti ya mwanamke ikawa nzito, si ya mwanamke wala ya mwanamume, akaitandikia ngoma. Kiprugut. Sshh. Pumzi. Kiprugut. Sshh. Pumzi.

Chemutai aliisikia mara ya kwanza Desemba, Cheruto akiwa na mimba ya miezi minane amejinyoosha kwenye kochi, mkono tumboni. Alilitambua jina papo hapo. Alipaswa kuingia chumbani na kuing'oa ile waya ukutani. Lakini kusema kwa nini aizime, ingembidi alitaje jina, na alikuwa amekaa miaka ishirini na minne bila kulitaja. Akamwambia Kiplangat apunguze, mtoto wa watu amechoka. Kiplangat akapunguza. Cheruto akacheka kidogo, akasema mtoto ametulia kabisa, eti anaonekana anausikiza.

Halafu kura zikapigwa, nchi ikawaka, barabara za kupanda Mau zikafungwa kwa mawe na magogo. Kogo na wamama wenzake hawakuweza kuteremka kumpa mtoto jina. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nakuru nako kukawekwa kafyu. Duka la Paresh lilifungwa, Kiplangat akashinda nyumbani na kompyuta yake, na ule wimbo ukazunguka mchana kutwa nyuma ya mlango. Mtoto asiye na jina amelala sebuleni, macho kwenye ule mlango.

Kogo ndiye aliyeamua. Alituma ujumbe kwa mdomo wa jirani mwenye simu: mtoto hawezi kuingia mwezi wa pili bila mtu, wataita kwa simu. Asubuhi ya Jumamosi wamama wazee watatu wakapanda kilima cha kwao penye mtandao, na huku Kiamunyi Chemutai akaweka simu mezani, sauti kubwa, karibu na sikio la mtoto. Ugoro wa kumchokoza mtoto pua ili apige chafya aliukataa, nesi alikuwa ameonya. Kiplangat aliambiwa asilete kelele hata ya kikohozi, akajifungia na vifaa vyake vya masikio. Upande wa mjini moshi ulikuwa umesimama wima kama mti.

Sauti zilikuja nyembamba, zimekwaruzika, kana kwamba nazo zimechapishwa kwenye santuri. Wakaita baba wa babu. Mtoto kimya. Wakaita wajomba. Kimya. Kisha Kogo akaita, taratibu, kwa kubembeleza: "Kosgei, kama ni wewe, piga chafya tukujue." Chemutai aliinama mpaka pua yake ikagusa ya mtoto. Mtoto alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea nyumba.

Kogo akarudia. Simu ikakwaruza, ikanyamaza. Chemutai akadhani mtandao umekwenda.

Wakati huo huo Kiplangat, aliyechoka kungoja, aliinuka aje aulize imekuwaje. Alisahau waya masikioni. Waya ukachomoka kwenye kompyuta, na spika zote mbili zikafunguka.

Kiprugut. Sshh. Pumzi.

Mtoto akapiga chafya.

Akapiga ya pili. Kisha, Cheruto ni shahidi, akatabasamu, mtoto wa wiki tatu, tabasamu la upande mmoja ambalo katika chumba kile Chemutai peke yake ndiye aliyewahi kuliona, kwa shemeji yake Kiprugut, miaka mingi nyuma.

Simu ikakwaruza tena. "Mko hapo?" Kogo aliuliza. "Amepiga?"

Chemutai angeweza kusema kweli pale pale. Badala yake alimwona Kosgei, mashati yake bado kabatini, na ulimi ukamponza. "Amepiga, Kogo. Kwa Kosgei." Kule kilimani wamama wakapiga vigelegele vichache, vifupi kuliko inavyotakiwa.

Basi wakamwita Kosgei. Kuanzia siku ya nne mtoto akakataa ziwa. Alinyonya kidogo, akageuza uso kwenye ukuta wa magharibi, upande wa Mau. Ukimgeuza, anajigeuza. Kliniki walimpima, wakasema mapafu mazuri, damu nzuri, mama apewe moyo. Februari alikuwa mwepesi kuliko alivyozaliwa. Cheruto alimwita Kosgei, Kosgei, mpaka sauti ikakauka, na mtoto hakupepesa hata kope. Lakini Kiplangat akiugusa tu ule wimbo, yule mtoto aligeuza kichwa, taya zikaanza kufanya kazi, na ndipo tu aliponyonya. Cheruto akawa anamwomba mumewe auwashe kila akitaka kunyonyesha. Chemutai alisimama jikoni akisikia mzimu wa msituni ukiitwa kwenye kila mlo, na mjukuu akinyonya kwa mwendo wa ile ngoma.

Hakulala, hakula. Alijua dawa ni neno moja. Alijua pia kwamba akilisema, Kosgei ataondoka mara ya pili, na safari hii yeye ndiye atakayemfukuza.

Barabara zilifunguka. Mwisho wa Aprili Paresh akawaazima pikapu. Njiani Kiplangat alikuwa mchangamfu, Ekta alimwambia wale Portishead wametoa albamu mpya baada ya kunyamaza zaidi ya miaka kumi. Waliokaa kimya wanarudi, Chemutai aliwaza, akamvuta mtoto karibu. Alikuwa mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa.

Kogo alikuwa ameketi nje, juani. Hakuinuka. Alinyoosha mikono, akapokea mtoto, akampima kwa macho. Chemutai akapiga magoti kwenye nyasi, mbele ya mwanawe na mkwe wake, akasema yote: chafya, jina, uongo.

"Nilisikia," Kogo alisema. "Simu haikukatika kwangu. Nilisikia jina na nikasikia chafya. Nimekaa miezi mitatu nangoja useme."

"Mtoto anakwisha, Kogo. Mbona hukusema wewe?"

"Mimi ndiye mama yake. Mama akisema mwanawe aliyepotea amerudi, wanamfunga kamba wakisema ni kichaa. Ilibidi aseme mtu asiyemtaka arudi."

Kisha akamgeukia Kiplangat, akataka kuusikia huo wimbo. Kijana, ambaye sasa ndiyo alikuwa anaelewa alichokuwa akikizungusha, aliuweka kwenye redio ya pikapu. Kogo alisikiza sauti yake ya miaka ile, imevutwa, imeshushwa, ikiita na kuzimwa, ikiita na kuzimwa.

"Unaisha lini?"

"Hauishi, Kogo. Ndivyo unavyotengenezwa."

"Basi uzime. Mtu huitwa mpaka afike. Akishafika na bado unaita, atakuja mwingine, na huyo hutamjua jina."

Kiplangat akauzima. Kogo akamtemea mtoto mate ya baraka kifuani, akamwita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aje ale. Mtoto alilia kilio kirefu, cha kwanza cha maana tangu azaliwe, akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Kufikia Juni alikuwa na mashavu. Wamezika kipande cha mgomba mahali pa mwili wa yule wa kwanza, na Kiprugut wa pili anatambaa.

Siku waliporudi Kiamunyi, Kiplangat alimfuata mama yake jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwanzo wa ile kanda kuna sauti ya baba, anataja tarehe na jina lake. Akitaka, anaweza kumkatia kipande, kidogo tu, cha kusikiliza yeye peke yake. Chemutai alisema hapana. Alisema vizuri, kwa uso mkavu, akaitupa kanda jikoni motoni na kukaa akiitazama inavyojikunja.

Wiki ya pili ya Agosti alikuwa anamenya viazi, mtoto amelala, nyumba imetulia. Cheruto alisimama mlangoni, mkono tumboni, na sura ya mtu mwenye habari asiyejua aanzie wapi. Alitazama mdomo wa mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "umekuwa ukiita hivyo tangu lini?"

Hapo ndipo Chemutai alipojisikia. Kisu kilikuwa kinakwenda kwa ile ngoma nzito, polepole, na mdomo wake nao unakwenda. Kosgei. Pumzi. Kosgei. Alijaribu kuacha. Nawaambia ninyi wenye mabinti wenye mimba, alijaribu kweli.