Ngozi ya Panya Ilipowaka Kijani

Mtafiti alikuwa na mimba kubwa, hata ilimbidi akae kiubavu ili aifikie darubini. Alikuwa akichunguza seli fulani za kinga zinazokaa kwenye ngozi ya panya. Ni seli T, ila si zile tulizozizoea. Seli T za kawaida zinatofautiana kwa vipokezi, yaani vile vishikio vya kumtambulia adui. Hizi za ngozini zote zina kipokezi cha namna moja, na panya huzaliwa nazo tayari.

Alitaka kujua chanzo chake. Alichukua seli changa kutoka kwenye uboho wa panya wazima, akazikuza ndani ya thaimasi ya kijusi, tezi ambamo seli T hupevukia, kisha akaipandikiza kwa panya asiye na seli hizo za ngozi. Ngozi ikabaki tupu. Akarudia, ikabaki tupu, mpaka wenzake wakaanza kumwonea huruma.

Ndipo akaomba ajaribu kwa njia ileile seli changa kutoka kwenye ini la kijusi, linalotengeneza damu kabla ya kuzaliwa. Mkuu wa maabara alikubali shingo upande.

Siku ya kutazama majibu alitoka nyumbani bila kula. Mama mkwe wake akamfuata na chakula. Walinzi walipomzuia getini, aliwaambia mjukuu wake yumo ndani na ana njaa, wakampisha. Alivishwa koti jeupe, akalifunga vifungo kombo, akaingia na kumkuta mkwewe ameinamia darubini, mabega yakimtikisika.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Silii, mama, nacheka. Njoo uone."

Bibi akachungulia. Ngozi ilikuwa imejaa seli zinazowaka kijani kwa rangi ya kuzitambulisha, kila moja imetandaza mikono yake. Mtafiti akamweleza kwamba zimetoka kwa seli za kijusi. Seli changa za panya mzima hazizitoi, hata ukizipa tezi ya kijusi. Bibi hakuelewa yote, lakini kicheko kile kilimwambukiza. Wakacheka mpaka mtafiti akashikwa na kwikwi, wakashikana mikono, wakaanza kucheza kati ya meza za maabara.

Mkuu wa maabara akawakuta hivyo. Aliinama kwenye darubini, akatazama, akafuta lenzi, akatazama tena.

"Piga picha," alisema mwishowe, "kabla sijaamka usingizini."

Bibi alikwisha kumpigia mwanawe simu: aje mbio, mkewe analia na kucheka kwa wakati mmoja. Haukupita muda, mume akaingia anahema, begi la nguo za mtoto begani, kiatu kimoja mguuni na kandambili mguu wa pili. Alipoambiwa hakuna aliyezaliwa, akaketi sakafuni. Walimwinua wakamsogeza kwenye darubini.

"Na sisi tunazo hizi?" aliuliza.

Mkewe, kwikwi zikimkatakata maneno, alimjibu kwamba hizi hasa ni za panya, lakini binadamu naye ana seli T za aina yake zinazoanza kutengenezwa kabla hajazaliwa. Huyu aliyemo tumboni bila shaka alianza kuzitengeneza zamani.

Mume akapiga magoti palepale, akaweka sikio juu ya tumbo la mkewe, akanyoosha kidole kuomba wanyamaze. Hakuna aliyeweza. Mkuu wa maabara aligeukia ukutani, akijifanya anakohoa.