Mwanasesere Hapati Homa

Mimi watu waliosoma siwachukii. Nawadharau waliokaririshwa wakadhani wamesoma, na kinara wao ni mkufunzi mmoja wa chuo cha uuguzi, tunayemwita Bwana Kanuni. Huyu anafundisha kupima joto kwa mwanasesere wa plastiki. Plastiki haipati homa, basi wanafunzi wanambana kipimajoto kwapani, wanangoja, kisha wanaimba kwa pamoja: "Thelathini na saba, mtoto yu salama." Naye anawapigia makofi. Kasuku pia hupigiwa makofi, ila hatumwachii wodi.

Wodi ya watoto naisimamia mimi. Siku ya mtihani wa vitendo, mtahiniwa wa kwanza alikuwa binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu anatambaa. Nyumbani alikuwa anauliza maswali mpaka chai inapoa. Chuo kilimrudisha bubu. Akifeli, chuo basi. Akifaulu, anakabidhiwa watoto wa watu, na hilo ndilo lililoninyima raha.

Akapewa mtoto mchanga, midomo imemkauka, yuko mapajani kwa mama yake. Binti yangu akaweka kipimajoto, akakitoa, akakitupia jicho tu.

"Thelathini na saba, mtoto yu salama."

"Safi kabisa," akasema Bwana Kanuni, akaandika alama.

"Jamani, mwanangu anaungua," mama akasema.

"Mama, subiri kidogo, tuko kwenye mtihani," Bwana Kanuni akamjibu.

Eti subiri! Nikakinyakua kile kipimajoto: kilikuwa kinakaribia arobaini. Nikaagiza daktari aitwe mbio, kisha nikamgeukia binti yangu.

"Wewe umeona nini hapa?"

Akamtazama mkufunzi wake, mtoto hakumtazama. "Mama mdogo, jibu lenyewe ni lipi? Niambie tu, nitalisema."

Nilisikia uchungu kama nimefiwa upya. Ukimzuia mtu asikosee kamwe, humfundishi kupatia. Unamfundisha kukusoma wewe usoni.

"Mguse," nikamwambia.

Akaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akashtuka, machozi yakamlengalenga. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaanza kumvua zile nguo nzito huku akimuuliza mama maswali: ameanza lini, ananyonya, amekojoa? Maswali yalikuwa yake mwenyewe, wala hayakuwa na wimbo.

Bwana Kanuni alimfelisha palepale. Kosa lake: kubadilisha jibu lililokwisha kupewa alama.